Jozi Mbili za Kunde

Julai imeingia Dodoma kwa mlango wa nyuma,
upepo unatoka Kongwa na wembe mfukoni.
Saa kumi na moja alfajiri, hapa getini Ilazo,
saruji ina ubaridi wa tumbo la nyoka,
na Kunde anasimama kwa zamu:
mguu huu chini, huu juu,
kama mtu anayehesabu madeni.

Si mbwa wa kutisha mtu.
Ukimweka kwenye ndoo ya lita kumi, ndoo haijai.
Wapangaji wa nyumba namba nane walihamia Morogoro,
wakachukua friji, mapazia, hata balbu,
yeye wakamsahau, au walisema wamemsahau.
Tangu hapo tunalinda wawili, mshahara mmoja.

Baridi angeivumilia. Kilichonitoa nyumbani ni mbigili.
Kipupwe kikishakausha majani, ile miiba hubaki,
imelala chali mchangani, inasubiri.
Juzi nilimchomoa mitano kwa jino la kitana.
Hakulia. Alitazama pembeni
kama mgonjwa anayemwonea daktari haya.

Nikamsimamisha juu ya bahasha ya kaki,
nikachora nyayo kwa penseli ya seremala.
Wa mbele mpana, wa nyuma mwembamba. Nani alijua?
Miaka hamsini na miwili ya mbwa uani,
sijawahi kutazama mbwa anakanyagia nini.

Sabasaba, kwenye turubai la mitumba,
Sechelela akauliza mtoto ana miezi mingapi.
Nikasema, sita.
Nikaomba jozi mbili zinazofanana.
"Mapacha! Hongera, baba!" Akapunguza mia tano.
Pongezi ile ninayo mpaka leo, sijui niirudishe wapi.

Vya sufu: vizuri, vya buluu, vina vifundo.
Kunde alivivua kabla sijafunga cha nne.
Vya plastiki viligonga sakafu ko, ko, ko,
akajiogopa mwenyewe, akaingia chini ya kiti.
Nikajaribu ngozi ya mbuzi.
Ngozi ya mbuzi aliila.

Malogo wa geti la pili alicheka akashika ukuta:
"Wewe mwenyewe katambuga za tairi, mbwa anataka buti?"
Kweli. Visigino vyangu vimepasuka
kama majaruba ya Bahi mwezi wa tisa.
Lakini mimi nina mdomo wa kusema panauma.

Watu wa pwani husema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Waje huku. Ufuko hakuna,
na hayo maji yenyewe yanatoka Jumanne.

Fundi Ndahani, kule Majengo, hakucheka.
Aliigeuza bahasha kwenye mwanga, akauliza:
anatembea haraka au anajivuta?
Kucha zake ndefu? Hulamba sana?
Maswali ambayo zahanati haijawahi kuniuliza mimi.
Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, kuukuu, laini,
akabandika blanketi la kijivu kwa ndani,
juu akapitisha kamba: "Usibane. Kidole kimoja kipite."
Alitaka elfu nne. Nilimpa elfu tatu na boga.

Usiku wa kwanza Kunde aliganda kama sanamu.
Kisha akaanza kunyanyua miguu juu juu, mmoja mmoja,
bibi harusi anavuka tope.
Akafika nguzo ya taa. Akakojoa. Akarudi mbio,
na mimi, peke yangu getini, nikapiga makofi.

Asubuhi nilihesabu viatu vitatu.
Nimepekua mtaro, jalala, mabua ya jirani,
nimemkagua hata yeye mdomoni. Hakuna.

Basi sasa, saa kumi na moja ikifika na wembe wake,
ule mguu wa nyuma wa kushoto, ulio mtupu,
huupandisha kidogo, hufikiri,
halafu huuweka juu ya mguu wangu,
pale katikati ya mikanda miwili ya tairi.

Ndahani anasema cha nne kitakuwa tayari Alhamisi.
Sijamhimiza.